Mashine ya Lutengano Yataga Yai

Kijiwe chetu kiko Tukuyu mjini, pale barabara inapoanza kuteremka kwenda Masoko, mkabala na karakana ya Lutengano. Benchi ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matairi mawili ya lori, na mtu wa pembeni akiinuka ghafla wa pembeni mwingine anakwenda chini, kwa hiyo hapa hakuna anayeondoka bila kuaga. Ukungu ukishuka, karakana huioni, unaisikia tu. Wilaya nzima tunalima kahawa na kuiuza, lakini ya kunywa, ile chungu inayomfungua mtu mdomo, anaipika Mama Tulia peke yake, na kuipika nilimfundisha mimi. Wananiita Shahidi. Jina la nyumbani ni Asukile, ila tangu Uhuru hakuna jambo lililotokea Rungwe ambalo sikuwepo. Mengine nilikuwepo mgongoni mwa mama, lakini nilikuwepo.

Wa pili hapa kijiweni ni Mwekezaji, yaani Ezron wa Lufingo. Tangu serikali ianze kuuza viwanda na mashamba, Ezron anavaa tai kila siku akisubiri zamu yake. Mpaka leo hajawekeza kitu ila makalio, nayo kayawekeza benchini. Wa tatu ni Feni, yaani Anyosisye, aliyekuwa akilinda mafeni ya kunyaushia majani ya chai kiwandani, mpaka kiwanda kilipopata mwenyewe mpya naye akapata nafasi ya kukaa nasi. Hadi leo anaongea kwa sauti ya kushindana na feni. Wa nne ndiye mwenye habari hii, mzee Meshaki.

Meshaki naye alikuwa kiwandani, upande wa karakana. Siku ya kupunguzwa, meneja aliwakusanya mlangoni akawaambia kwa upole, "Mpumzike kwanza, tutawaita." Wakapumzika. Hawajaitwa. Bahati yake, Lutengano alikuwa amenunua kwenye mnada wa misheni kimashine cha kuchonga chuma, kile mafundi wanachokiita milingi, kidogo cha kukaa juu ya meza. Unafunga chuma chako kwenye kimeza chake. Ukizungusha hendeli hii, kimeza kinakwenda kushoto na kulia. Ukizungusha ile, kinakwenda mbele na nyuma. Kisu kinazunguka juu, kinakula. Kwa hiyo anayezungusha hendeli ndiye anayechonga, na aliyezungusha miaka yote ni Meshaki.

Mwaka mmoja Lutengano akapata wazo. Akaleta kompyuta ya mtumba kutoka Dar na mota mbili ndogo, nzito kama mawe ya mafiga. Akang'oa hendeli zote, mahali pake akafunga mota, akavuta waya mnene kutoka nyuma ya kompyuta hadi kwenye mota. Sasa kompyuta ndiyo izungushe. Na wa kuiambia kompyuta izungushe namna gani, akamwajiri binti aliyesomea mambo hayo Mbeya, Atupakisye.

Sasa sikiliza vizuri. Atupakisye ni mke wa Gidion, na Gidion ni mtoto wa kwanza wa Meshaki.

Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, jina halitajwi, na wakikutana njiani mmoja anaingia migombani hadi mwenzake apite. Huo si ugomvi, ni heshima. Vijana wa siku hizi wanakula meza moja na wakwe zao na kugombania paja la kuku, lakini Meshaki si mtu wa hivyo, na binti naye kalelewa Lupepo na bibi yake, si wa hivyo pia. Siku Atupakisye alipoingia karakana kwa mlango wa mbele, Meshaki alitokea dirisha la nyuma, kikombe cha chai mkononi, na chai haikumwagika. Mimi nilikuwa pale nyuma. Ndimi niliyempokea kikombe.

Lutengano akamfuata nje, akakuna kichwa, akamwambia:

— Mzee, pumzika kwanza. Tutakuita.

Tangu hapo Meshaki akawa wa benchini.

Siku ninayoieleza ndiyo siku mashine ilipochonga yenyewe kwa mara ya kwanza. Kiwanda kilekile cha chai kilikuwa kinataka vipande vya duara, vya kushikia beringi, na Lutengano alikuwa ameahidi kuwapelekea cha majaribio siku hiyohiyo. Wakiridhika, kazi ya kiwanda inahamia kwake na hendeli hazirudi tena. Wakikataa, mota zinang'olewa, hendeli zinarudi, na Meshaki anarudi pamoja nazo. Hilo tulilijua wote, hata Mama Tulia aliyekuwa ameinama anapuliza moto.

— Mnajua inavyofanya kazi? — akaanza Mwekezaji, akinyoosha tai. — Ile kompyuta ni kama simu. Unabonyeza hapa, kule Ujerumani kuna jamaa amekaa kwenye kiti, anaona taa imewaka, anazungusha hendeli yake. Ya kwetu huku inafuata.

— Na umeme wetu ukikatika? — akauliza Feni.

— Jamaa anakwenda zake kula.

— Sasa si bora azungushe Meshaki? Yuko hapahapa, na ameshakula.

— Meshaki si wa nje. Siku hizi kitu kikifanywa na wa nje ndiyo kinaitwa uwekezaji.

Meshaki alikuwa amekaa pembeni ya benchi, mgongo kaugeuzia karakana, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na mkwe yumo. Mkono wake wa kulia, ule wa hendeli, ulikuwa juu ya goti, na kidole gumba kinatembeatembea chenyewe.

— Nyie hamjui mashine ile ilikotoka, — nikasema. — Mnasema misheni. Misheni waliipata wapi? Ilitoka ndani ya ziwa, pale Masoko. Wajerumani walipokimbia walitupa mle kila walichokuwa nacho. Mimi nilikuwepo walipoivuta kwa kamba. Ilitoka na samaki ndani, na kisu bado kinazunguka.

— Kinazunguka kwa umeme gani?

— Mle chini kuna umeme wao wenyewe. Haukatiki.

— Shahidi, — akasema Mama Tulia bila kuinua kichwa, — mashine ile ina kibati, na kwenye kibati pameandikwa mwaka. Mwaka huo mimi nilikuwa nimeshaolewa.

— Kibati walikibandika baadaye.

Hapo karakana ikalia. Si mlio ule tuliouzoea. Mota zile zilikuwa zinaimba. Zikienda polepole zinatoa sauti nene, zikikimbia sauti inakuwa nyembamba, halafu zote mbili pamoja, moja inapanda nyingine inashuka. Benchi zima tukatega sikio.

— Hiyo ni sauti ya tatu, — akasema Feni, na yeye ni mwimbaji wa kwaya. — Mashine imekaa misheni miaka yote, imeshika tenzi. Angalieni Jumapili, haitawaka.

— Itawaka, — akasema Mwekezaji. — Na ikishajua kuwaka yenyewe, itajichongea vyuma vyake yenyewe. Itatengeneza mwenzake. Wawili watatengeneza watoto. Miaka michache ijayo ukienda shambani utakuta mashine inachuma chai, nyingine imesimama pembeni inaiambia ichume haraka.

— Na sisi?

— Sisi tutanunua hisa.

— Kwa hela gani?

Mwekezaji akatazama kahawa yake.

— Hapo bado sijafika.

Mlio ukakatika. Halafu Lutengano akatoka, amevaa ovaroli mpya kabisa, mkononi ameshika kipande cha chuma kinachong'aa. Akavuka barabara taratibu kama mtu aliyebeba chungu cha maji. Akatuwekea kile kipande katikati ya benchi, akarudi nyuma hatua moja.

Tukakitazama. Kilikuwa kizuri, laini kama kimelambwa. Ila hakikuwa duara. Ukikishika na kukizungusha vidoleni unahisi upande mmoja kinajaa na mwingine kinapungua.

— Mashine imetaga, — akasema Feni.

— Yai, — akasema Mwekezaji. — Tena la bata.

Lutengano hakucheka. Alikuwa anamtazama Meshaki, na Meshaki alikuwa anautazama mlima Rungwe, ambao siku hiyo haukuonekana.

— Mzee, — akasema Lutengano, — binti anasema skrubu za kimeza zina plei.

Ngoja nieleze plei, kwa sababu na mimi nilielezwa, ingawa nilikuwa najua. Umewahi kuendesha pikapu kuukuu? Unageuza usukani, unazunguka kidogo bure, ndipo matairi yanapokumbuka kwamba yameitwa. Hiyo ndiyo plei. Skrubu inayosukuma kimeza cha mashine ikishazeeka inakuwa hivyohivyo. Ukiisukuma mbele tu, haina shida. Ukitaka kugeuza urudi nyuma, inazunguka bure kwanza, kimeza hakijasogea. Na huwezi kuchonga duara bila kugeuza mahali fulani. Mtu wa hendeli anahisi mkononi, anaongeza kidogo. Kompyuta haina mkono. Inahesabu mizunguko, inadhani imefika, kumbe haijatoka.

Meshaki akaweka kikombe chini.

— Mashine yangu haina plei.

— Mzee, lakini ...

— Nimeipaka mafuta kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Haina plei. Mwambie aliyeko ndani kwamba skrubu ni nzima, mgonjwa ni hiyo kompyuta.

Lutengano akanigeukia mimi.

— Shahidi, nenda kamwambie. Mimi nikisema atadhani namsema vibaya kwa baba mkwe.

Mimi ni mtu wa kutumwa mambo mazito, kwa hiyo nikavuka. Ndani Atupakisye alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, kitenge kimefunika kichwa, kiti amekigeuza ili mgongo uelekee mlango na barabara na yule asiyetazamwa. Nikamwambia:

— Anayekaa nje anasema mashine haina plei, na kwamba anakuombea sana.

La kukuombea nililiongeza mimi, lilikuwa linafaa.

— Mwambie asante, — akasema polepole. — Na mwambie hakuna anayesema ameitunza vibaya. Kama angeitunza vibaya, leo isingechonga hata hilo yai. Naomba tu anitajie, hendeli ya upande huu ilikuwa inazunguka bure mistari mingapi, na ile ya upande ule mingapi. Hendeli zimeng'olewa na saa yetu ya kupimia plei imevunjika mshale. Kompyuta nikiipa hizo namba itaziongeza yenyewe kila inapogeuka. Nisipoipa, nitataga hadi jioni.

Nikarudi. Nikasema yote, na juu yake nikaweka kwamba alikuwa analengwalengwa na machozi, kwa sababu aliyasema kwa sauti ndogo.

Mistari aliyoisema ni ile iliyochongwa kwenye ukingo wa hendeli, midogo kama ya rula. Meshaki aliijua kama mwingine anavyojua watoto wake. Tuliona uso wake umeijua. Lakini mdomo ukakaa palepale.

— Mzee, nyamaza, — akasema Mwekezaji chinichini, akimkaribia. — Huu ndio mtaji wako. Kiwanda kilikuondoa na hukuwa na kitu mkononi. Leo unacho. Ukikitoa, umekitoa.

— Kweli, — akasema Feni, na kwake kunong'ona ni kama sisi tunavyoongea. — Mimi waliniuliza jinsi ya kusikiliza feni inayotaka kuungua. Nikawaambia yote, nikijua wataniandika kiongozi. Wiki iliyofuata ndiyo nikaambiwa nipumzike.

— Wewe unasemaje, Shahidi? — akaniuliza Mwekezaji.

Ningeweza kusema la hekima, ninayo mengi. Lakini yule ni rafiki yangu, na yule wa ndani ni mke wa mtoto wa rafiki yangu, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya barabara na maneno ya wote wawili mdomoni. Nikasema kahawa ni nzuri leo.

Karakana ikaimba tena. Safari hii binti alikuwa anabahatisha, tulisikia mota zinasimama, zinarudi, zinasita. Meshaki alikuwa amefumba macho. Kila mota zilipogeuka, kidole gumba chake kilisogea kidogo mbele yake, kikiongeza kile kisichoongezwa.

Mama Tulia alimmiminia kahawa bila kuulizwa. Hakuigusa.

Lutengano akatoka na kipande cha pili. Hakukileta hata benchini. Alikiangalia mwangani, akakiweka mfukoni mwa ovaroli, akasimama ukingoni mwa barabara akiwa amechoka ghafla kama mtu aliyepanda kutoka Masoko kwa miguu.

— Ni la kuku sasa, — akasema. — Linapungua ubaya, lakini ni yai. Kiwanda hawatalipokea hili.

— Kwa hiyo? — akauliza Mwekezaji.

— Kwa hiyo labda nilikosea. Nilidhani anajua. Nitamwambia binti apumzike kwanza.

Alilisema hivihivi tu, bila nia mbaya, kama mtu anavyosema mvua itanyesha. Mwekezaji aliinua kikombe na kukishusha.

Meshaki akafumbua macho.

— Umesema apumzike?

— Kwanza, mzee. Kwanza tu. Tutamwita.

Meshaki akamtazama Lutengano kwa muda, wala si kwa hasira. Nilimwona akimtazama hivyo mtu mmoja tu kabla, yule meneja, siku ile mlangoni mwa kiwanda. Nilikuwepo.

— Shahidi, — akasema. — Kimbia. Mwambie hivi. Kushoto na kulia, mistari sita. Mbele na nyuma, minne. Umeshika?

— Sita na minne.

— Na mwambie asifunge kazi katikati ya kimeza. Skrubu imeliwa katikati, ndipo nilipokuwa nafungia kazi miaka yote. Afunge upande wa kushoto. Huko bado ni nzima kuliko.

— Kumbe ina plei, — akasema Mwekezaji.

— Ina plei, — akasema Meshaki. — Mimi pia ninayo. Nenda, Shahidi.

Nikaenda. Sikuongeza neno hata moja safari hii, na mnaonijua mtaelewa lilivyonigharimu. Atupakisye alisikiliza, akaanza kuandika, halafu mkono ukasimama.

— Rudi umuulize, — akasema. — Hiyo sita, ni kimeza kikitokea kulia au kikitokea kushoto?

Nikavuka tena. Gari la ndizi likanipigia honi, nikalinyoshea mkono lisubiri. Nikamwambia Meshaki swali lilivyo.

Akageuza shingo kidogo tu, kuelekea karakana, halafu akakumbuka, akairudisha.

— Kauliza hivyo? Yeye mwenyewe?

— Yeye mwenyewe. Sijatia chumvi.

— Sikumfundisha mtu yeyote kuuliza hivyo, — akasema. — Hata Gidion sikumfundisha, hakutaka. Kikitokea kulia ni sita. Kikitokea kushoto ni tano na ushee. Mwambie ushee, ataelewa.

Alielewa. Mota zikaanza, na safari hii zikaimba wimbo mmoja, bila kusita, sauti inapanda na kushuka kwa mpango hadi Feni akaanza kuifuata kwa mdomo uliofungwa. Ziliponyamaza, Lutengano alitoka akikimbia na kipande cha tatu mkononi. Hakukiweka benchini. Aliinama ukingoni mwa lami, akakisimamisha kile kipande kwa ubavu wake, akakiachia.

Kikateremka barabara ya Masoko. Yai lingeyumba, lingeanguka hatua mbili mbele. Hiki kilikwenda wima, kimenyooka, kinang'aa, kikampita mwenye baiskeli na kreti la soda, kikaingia kwenye ukungu. Tuliendelea kukisikia baada ya kutokiona. Mwenye baiskeli ndiye aliyekirudisha, akiuliza ni cha nani.

Tukapeana mikono. Lutengano alimpa Meshaki mkono kwa mikono yote miwili, akiinama, kama inavyopaswa.

— Ndaga, tata, — akasema kwa Kinyakyusa, yaani asante, baba.

— Ndaga, — akajibu Meshaki.

Lutengano alibaki amesimama pale, ameshika duara lake. Feni akamgeukia Meshaki.

— Sasa umewapa na plei.

— Nimewapa.

— Umebaki na nini?

Meshaki alifikiri kwa haki kabisa, kama mtu aliyeulizwa kanisani.

— Nimebaki na kahawa.

— Hiyo uliyonayo imepoa, — akasema Mama Tulia, — na kwenye birika imekwisha.

Akaigeuza birika, likatoka tone moja, likakataa kuanguka.

Tulikuwa bado tunalitazama tone hilo pale mama mmoja alipopanda kutoka upande wa Masoko, amebeba mgongoni kitu kizito kilichofungwa kwa kitenge, kwanza nikadhani ni mtoto. Alitusalimia kwa Kinyakyusa, tukajibu. Akasema anaitwa Tupokigwe, mashine yake ya kumenyea kahawa imevunjika jino na kahawa mbivu zinaoza kwenye magunia. Akafungua kitenge. Ilikuwa gia ya chuma, nzito, imeliwa, na jino moja limekatika kutoka shinani.

— Nimeambiwa hapa kuna mashine inayoweza kuchonga hii, — akasema. — Fundi wake ni nani?

Lutengano akafungua mdomo.

— Hapa ni kwangu, — akasema.

— Sijauliza nyumba, baba. Nimeuliza fundi.

Lutengano akatazama karakana. Mle ndani, nyuma ya kiti kilichogeuzwa, palikuwa na kichwa kilichofunikwa kitenge, na kichwa hicho kisingegeuka wala kujibu ilhali baba mkwe anasikia. Akatazama benchi. Benchini kulikuwa na Meshaki, asiyekuwa na hendeli hata moja.

— Fundi yuko ... — akaanza.

— Ujerumani, — akasema Mwekezaji kwa sauti ndogo, na Mama Tulia akampiga na kitambaa cha birika.

Mama Tupokigwe akatutazama mmoja mmoja. Mimi nilinyoosha kifua, akanipita haraka. Gia ilikuwa nzito. Akaja akakaa pembeni ya Meshaki, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi, akaishusha kwenye mapaja yake mwenyewe ili apumzishe mikono.

Meshaki aliitazama. Halafu kidole gumba kikaingia kwenye pengo la jino lililokatika, kikatoka, kikaingia pengo linalofuata, kikaendelea kuzunguka gia nzima hadi kikarudi kilipoanzia.

— Moja limekwenda, — akasema. — Na hili la pili limepata ufa, ukilazimisha litafuata. Unamenya kavu, mama? Bila maji?

— Maji yako mbali.

— Hapo ndipo tatizo lilipo. — Akainua gia, akanipa. — Shahidi.

— Naam, tata.

— Mpelekee aliye ndani. Mwambie asipime kwenye meno yaliyo jirani na pengo, hayo yamechoka. Apime ya upande wa pili. Akishapima, aniulize.

— Akuulize nini?

— Hilo ataliona mwenyewe.

Nikaichukua. Ilikuwa nzito kuliko Meshaki alivyonifanya nidhani. Lutengano alikuwa bado amesimama katikati ya barabara, anatazama mkono mtupu wa Meshaki, kisha mlango wa karakana, kisha mkono tena, na sikuona akipata pa kukaza macho. Nikampita. Nyuma yangu nikamsikia mama Tupokigwe akiuliza tena, polepole, kama watu wanavyowasemesha wageni wasioelewa lugha:

— Lakini fundi ni nani?

Nikapunguza mwendo nisikie jibu. Nilifika mlangoni sijalisikia.